Memori kadi ya tatu imekufa kwenye seva yangu ya nyumbani, tatizo ni joto la Dodoma au nini?

Swali: "Habari za kazi fundi. Nipo Ilazo hapa Dodoma, ni mwalimu wa hesabu ila ugonjwa wangu ni hizi kompyuta. Mwaka jana nilinunua Raspberry Pi 4, kakompyuta ka ukubwa wa kiganja, nikaifanya seva ya nyumbani, ina Pi-hole ya kuzuia matangazo, ina Jellyfin watoto waangalie katuni bila kumaliza bando, na Nextcloud ya kutunzia picha za familia. Inawashwa na chaja ya simu ya wati 33 na nimechomeka hadi diski ya TB 1 humohumo kwenye Pi. Shida ni memori kadi, ndani ya miezi kumi na nne nimeua tatu, zote za GB 64. Umeme ukikatika ukirudi, Pi haiwaki. Hii ya tatu nikiiweka kwenye laptopu ya Windows inaniambia ifomatiwe kwanza, na humo kuna picha za mahafali ya chekechea ambazo hazijahamia kwenye hadi diski. Kaka yangu anasema ni joto na vumbi la Dodoma, jamaa wa duka la kompyuta kasema ninunue UPS kubwa (betri ya akiba ya umeme ukikatika), na mume wangu kashachoka, hiyo Pi anaiita mtoto wa pili kwa jinsi ninavyoihudumia. Nifanyeje?"

Dada yangu, hapo kwa mtoto wa pili nimecheka mpaka chai imenipalia, maana na kwangu kipo kidude kama hicho na jina alilokipa mke wangu siwezi kuliandika hapa.

Naanza na hiyo kadi ya tatu kwa sababu yenyewe ndo haisubiri. Itoe, iweke kwenye bahasha, andika juu USIFOMATI. Halafu nikwambie kitu kitakachokupa matumaini kidogo, huo ujumbe wa Windows hauna maana kwamba kadi imekufa. Kadi ya Raspberry Pi ina vyumba viwili, kimoja kidogo cha kuwashia ambacho Windows inakisoma, na kingine kikubwa ambamo mfumo na mafaili yako vyote vimo, na hicho kikubwa kimepangwa kwa ext4, mpangilio wa Linux (mfumo unaoendesha Pi), ambao Windows yenyewe kama yenyewe haiusomi. Ikikutana nao inadhani ni kadi tupu iliyoharibika, inakwambia fomati. Kadi nzima kabisa, mpya, inayowaka vizuri kwenye Pi, ukiichomeka kwenye laptopu ya Windows utaambiwa hivyohivyo! Watu wengi wameua picha zao wenyewe kwa kubonyeza ndiyo pale.

Cha kufanya, tafuta flashi, iweke Linux ya kuwashia bila kuinstoli (Ubuntu inatosha), washa laptopu kwa hiyo flashi, alafu chomeka kadi. Usianze kufungua mafolda. Kwanza piga nakala ya kadi nzima kwa programu inaitwa ddrescue, inasoma kadi kipande kwa kipande, ikikuta sehemu mbovu inairuka inaendelea mbele alafu baadaye inarudi kuijaribu tena, mwisho unabaki na faili moja kubwa ambalo ni pacha wa kadi. Kuanzia hapo kazi zote unafanya kwenye huyo pacha. Mafolda yakifunguka, umepona, kopi picha zako. Yasipofunguka jaribu PhotoRec juu ya pacha huyohuyo, yenyewe haijali mafolda inatafuta picha kwa sura zake, majina ya mafaili yatapotea ila mwanao na joho lake utampata. Na kama kadi haionekani kabisa hata kwenye Linux, au inaonekana ina ukubwa wa sifuri, au inachemka mkononi, hapo acha. Hiyo ni ya mtu mwenye vifaa vya kurejesha data, umpelekee mwenyewe mkononi na umuulize kabla ya yote kama anajua kusoma chipu moja kwa moja. Akikujibu "niachie tu niifomati nione", chukua kadi yako uondoke.

Sasa tuje kwa muuaji.

Joto, hapana. Kadi za kawaida zinatengenezwa zivumilie mpaka nyuzi 85, na Dodoma hii hata Novemba kabla mvua hazijashuka tunazunguka nyuzi thelathini na kidogo mchana, usiku wa Juni na Julai ndo tunalala na mablanketi mawili. Pi yenyewe ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza mwendo. Fungua terminal ya Pi, andika vcgencmd measure_temp uone, ukikuta 55 au 60 mwambie kaka yako atafute mshtakiwa mwingine. Vumbi letu, lile jekundu la kiangazi, linaziba feni za laptopu hilo ni kweli na nimelikokota kwa brashi miaka mingi, ila Pi yako kama haina feni vumbi halina pa kuingilia likaua kadi.

Feki? Inawezekana, na mimi nimeshapigwa. Nilinunua kadi ya GB 512 kwa bei ambayo ningekuwa na akili timamu siku hiyo ningejua, kwenye kompyuta ikaonyesha 512 safi kabisa, ndani ilikuwa na 16. Zile zinadanganya ukubwa, ukishapita uwezo wake halisi zinaandika juu ya vya zamani kimyakimya. Kila kadi mpya ipime kabla hujaipa kazi, kwenye Windows ipo H2testw na kwenye Linux ipo F3, inajaza kadi yote alafu inasoma tena kuona kama ilichoandika ndo kilichopo, inachukua masaa, iache usiku. Lakini feki kawaida huwa inakufa ikijaa, haisubiri umeme ukatike. Zako tatu zimekufa kwa mtindo mmoja, siku ya umeme, kwa hiyo mi macho yangu yapo kwenye umeme.

Ili ujue kwa nini umeme unaua kadi inabidi ujue kadi inavyoandika, na hapa nivumilie kidogo mwalimu. Ndani ya memori kadi hakuna kufuta neno moja. Chukulia ubao wako wa darasani, ungekuwa unaruhusiwa kuandika neno popote palipo wazi, ila kufuta lazima ufute ubao mzima. Sasa ukitaka kusahihisha neno moja tu unafanyaje? Unanakili vyote kwenye ubao wa pili pamoja na sahihisho, alafu unafuta wa kwanza. Ndivyo kadi inavyofanya mchana na usiku, wewe unabadilisha kamstari kamoja yenyewe inahamisha mzigo mkubwa kuliko huo. Na kwa sababu vitu vinahamahama, kuna kichipu kidogo ndani ya kadi kinachotunza daftari la nini kipo wapi. Umewahi kupita Kibaigwa msimu wa mahindi? Fikiria ghala pale lenye magunia ya watu mia, hayana majina, anayejua la nani lipo wapi ni mtunza ghala na daftari lake tu. Umeme ukikatika kadi ikiwa katikati ya kuhamisha, ni kama mtunza ghala kaanguka na daftari likiwa nusu limeandikwa. Magunia yote yapo. Hakuna anayejua lipi la nani. Ndo maana kadi nyingi "zilizokufa" kiukweli zimepoteza daftari tu, likiharibika kidogo ddrescue inaweza kutoa kilichobaki, likipotea lote ndo kazi ya yule anayesoma chipu moja kwa moja.

Utasema mbona ext4 ina jenali, ile sehemu inayonukuu mabadiliko kabla hayajafanyika, nimesoma inalinda. Inalinda, ila inalinda kwa kuamini kwamba kadi ikisema "nimeshaandika" basi imeandika kweli, na kadi za bei rahisi kwenye hilo sio wakweli. Jenali ipo juu ya kadi, daftari la ghala lipo ndani ya kadi ambako Linux haifiki.

Sasa angalia wewe umeipa kazi gani hiyo kadi. Pi-hole kwa kawaida inaandika kwenye database yake kila dakika moja, nani kaulizia tovuti gani. Nextcloud ina database yake. Mfumo unaandika logi za kila kitu. Yaani hakuna dakika kadi yako imetulia, kwa hiyo muda wowote umeme ukikatika uwezekano wa kuikuta mikono ipo hewani ni mkubwa. Kadi ya kamera au ya simu haipati mateso haya.

Haya, chaja. Hapa ndo nataka usome taratibu maana ndo palipojificha kitu na hakuna aliyekwambia. Wati 33 zilizoandikwa kwenye chaja ya simu ni za mazungumzo. Simu yake ikichomekwa inaongea na chaja, nipe volti 9, nipe 11, ndo zinafika wati 33. Pi 4 haiongei lugha hiyo, inapokea volti 5 tu, na baadhi ya chaja za aina hiyo kwenye volti 5 zinatoa ampea 2 au zaidi kidogo. Geuza chaja usome maandishi madogo, mstari wa 5V, ndo huo unaokuhusu. Pi 4 inataka volti 5.1 ampea 3. Na wewe umeibebesha hadi diski juu, na hadi diski ya sahani ikianza kuzunguka inavuta karibu ampea nzima kwa sekunde chache.

Ongeza na kebo. Wewe ni mtu wa hesabu, piga hii, kebo nyembamba ya simu yenye ukinzani wa omu 0.25, ikipitisha ampea 2, inakula volti ngapi njiani? Nusu volti. Chaja inatoa 5, Pi inapokea 4.5. Na Pi inaanza kulalamika ikishuka chini ya 4.63. Kwa hiyo kila hadi diski inapoamka volti zinadumbukia, na kadi inaandika huku inayumba, HATA KAMA UMEME WA NYUMBA HAUJAKATIKA. Umeme wa nyumba unakuja kumalizia mgonjwa.

Habari njema ni kwamba hili halihitaji kuniamini. Weka kadi yoyote ya muda, instoli mfumo, acha ifanye kazi siku moja na hadi diski ikiwa imechomekwa, alafu andika vcgencmd get_throttled. Ikikujibu 0x0 chaja yako ni nzima na mimi nimemsingizia. Ikikujibu 0x50000 maana yake tangu iwashwe volti zilishawahi kushuka na ikapunguzwa mwendo, ikisema 0x50005 zimeshuka hata sasa hivi unapoangalia. Kama umeiunganisha na TV utaona na kaalama ka radi pembeni ya skrini, watu wengi wanadhani ni urembo.

Kwa hiyo hela ya kwanza kabisa, kabla ya UPS, nunua chaja yenyewe ya Raspberry Pi ambayo kebo yake haichomoki, nene. Kama Dodoma mjini huipati wenye maduka wanaagiza Kariakoo, siku hizi na treni ya umeme mzigo wa Dar haukuweki wiki. Na hadi diski ipe umeme wake, kupitia USB hub yenye chaja yake, isinyonye kwenye Pi, maana matundu yote manne ya Pi kwa pamoja yana ampea 1.2 tu.

Hela ya pili ni sifuri, yaani bure. Punguza kuandika. Pi-hole iambie iandike database kila baada ya saa moja badala ya dakika, logi zihamishie kwenye RAM kwa log2ram, na Nextcloud na database yake vyote vihamie kwenye diski, kwenye kadi ubaki mfumo tu. Ingekuwa Pi-hole peke yake ningekwambia washa ile overlay ndani ya raspi-config (menyu ya mipangilio ya Pi), inafanya kadi isiandikwe kabisa, hata uchomoe mara hamsini kwa siku haifi, ila na Nextcloud humo ukiwasha bila kupanga vizuri utajikuta kila ikiwashwa upya imesahau kila kitu, kwa hiyo kwako sikushauri kwa sasa. Bora zaidi ni kuachana na kadi, Pi 4 inaweza kuwaka kutoka kwenye SSD ya USB (diski isiyo na sahani ya kuzunguka) moja kwa moja, kadogo ka GB 120 kanatosha, na SSD japo nayo haipendi kukatiwa umeme inavumilia kuandikwa mara nyingi sana kuliko kadi. Ukibaki na kadi basi chukua zile za kuvumilia, zinazouzwa kwa ajili ya kamera za kwenye magari na za ulinzi.

UPS sasa. Jamaa wa duka hajakudanganya, kakuuzia suluhisho la ofisi. UPS ya kompyuta ya mezani ndani ina betri ya volti 12 ya asidi, inageuza kuwa 230, alafu chaja yako inairudisha kuwa 5, sehemu kubwa ya kazi inaishia kuwa joto. Betri zile kwenye nyumba zetu za bati zinachoka baada ya miaka miwili mitatu, kila joto likipanda nyuzi kumi umri wake unakatika karibu nusu (hapo ndo joto la kaka yako lina maana). Zipo UPS ndogo za rauta, kakasha tu, zinatoa 12 kwa rauta na 5 kwa USB, nzuri kwa rauta ila lile tundu la USB mara nyingi ni ampea 2, unarudi kulekule. Powerbenki pia watu wanajaribu, nyingi umeme ukikatika zinapepesa kwa sekunde wakati zinabadilisha, simu haijali, Pi inazima. Na kama huku kwenu umeme ukirudi huwa unarudi na kuondoka mara tatu ndani ya dakika, hiyo ndo mbaya kuliko hata kukatika, kwa sababu Pi inakatwa ikiwa katikati ya kuwaka. Kwa hilo tu, ile gadi ya friji ya bei ya kawaida inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuachia umeme, chomeka Pi humo.

Ila ukiniuliza ningekuwa mimi nimekaa hapo Ilazo ningefanyaje? Ningetafuta laptopu iliyotumika, hata skrini iwe imepasuka, niifanye ndo seva. Najua inauma, Pi ina raha yake, kakompyuta ka kiganja kalikobuniwa Cambridge kakaanza kuuzwa mwaka 2012 ili watoto wajifunze kuprogramu, kanatengenezwa Wales, unakaweka nyuma ya TV na kanaendesha nyumba, mi mwenyewe ninazo mbili na nusu. Lakini laptopu inakuja na UPS yake ndani. Betri iliyochoka inayokaa dakika ishirini inatosha kabisa, unaiambia Linux ikibaki asilimia 20 jizime kwa adabu. Ubaya wake nao nikwambie. Laptopu nyingi umeme ukirudi haziwaki zenyewe, lazima mtu abonyeze, kwa hiyo ukiwa shule watoto watakosa katuni mpaka urudi. Na inakula zaidi, Pi yako na wati 5 zake ni uniti kama 3.6 kwa mwezi, laptopu ya wati 12 ni uniti 8 na nusu hivi, desktopu ya wati 50 ni uniti 36 na hiyo usithubutu kama LUKU yako ipo kwenye ile bei ya wasiozidi uniti 75.

Betri ya laptopu iliyochomekwa masaa 24 nayo ina tabia ya kuvimba. Weka mpangilio wa kuchaji mwisho asilimia 80 kama laptopu inaruhusu, na kila mwezi pitisha kidole kwenye ile sehemu ya kipanya. Ukiona imenyanyuka au mfuniko wa chini unabonyea, zima, chomoa, itoe nje ya chumba cha watoto, mpelekee fundi, usiitoboe, usijaribu kuikandamiza irudi. Yangu ilivimba nikajifanya sijaona wiki mbili, nilipofungua ilikuwa kama andazi. Na ukigusa bodi la laptopu ya chuma ukahisi kimtetemo cha umeme vidoleni, mara nyingi ni athi inakosekana, kwenye chaja yenyewe au kwenye nyumba, ita fundi umeme mwenye leseni apime kabla msimu wa radi haujaanza.

Na picha. Diski moja sio bekapu, hata ingekuwa ya dhahabu. Kopi tatu, moja iwe nyumba nyingine. Nunua diski ya pili, jaza picha, mpelekee mama au dada mkoani, kila likizo ya shule unaenda nayo unarudi nayo imejazwa upya.

Nikuombe kitu kimoja, ukishaangalia ule mstari wa 5V kwenye chaja na ile namba ya get_throttled, niandikie vyote viwili kama vilivyo, na uniambie kama ukiwa karibu na hadi diski unaisikia ikilia tik-tik pale inapoanza. Kuna swali la pili ningependa kukuuliza kuhusu hiyo diski ila majibu hayo kwanza. Mume wako naye mwambie avumilie kama wiki mbili hivi.